Kutoka kwenye mkeka wa wazazi hadi meza ya bodi: mwongozo kamili wa kugombea BOM ya shule ya msingi

Mara ya kwanza nilipotaka kuingia kwenye bodi ya shule wanakosoma wanangu, hapa Kilifi, sikuangushwa na kura. Sikufika hata kwenye kura. Aliyekuwa akiongoza mkutano aliuliza, "Nani anapendekeza?" Mama mmoja akataja jina langu. "Nani anaunga mkono?" Kimya. Jirani aliyeniahidi alikuwa bado sokoni, ndoo yake ya samaki haijaisha. Sekunde kumi, ishirini, jina likapitwa, akapendekezwa mwingine. Nilirudi nyumbani kushona, nikikanyaga cherehani kama nimeichukia.

Mwaka uliofuata nilipita. Haya ninayoandika ni niliyojifunza katikati ya mikutano hiyo miwili, na baadaye ndani ya bodi yenyewe. Yanahusu shule za msingi za umma nchini Kenya. Ndugu zetu wa Tanzania wana kamati za shule zenye taratibu zao, na shule za kibinafsi nazo zina wenyewe, kwa hiyo usiyabebe haya mazima mazima hadi huko.

Jua kwanza unagombea kiti gani

Wazazi wengi husema "bodi" wakimaanisha kila mtu anayekaa meza ya mbele siku ya mkutano. Kisheria kuna vyombo viwili, na ukivichanganya utatafuta kura mahali pasipo na kiti.

Cha kwanza ni Chama cha Wazazi, ambacho sote tunakiita PA. Kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama, hakuna ada ya kujiunga. Kila darasa huchagua mwakilishi wake, na wawakilishi hao pamoja na walimu wawili ndio kamati tendaji. Wazazi wakishamchagua mwenyekiti wa PA, yeye na wenzake wawili huingizwa kwenye bodi.

Cha pili ni Bodi ya Usimamizi yenyewe, BOM. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ndiyo iliyoileta, ikachukua nafasi ya kamati za zamani za shule za msingi zilizotokana na sheria ya 1968. Inataja wajumbe hivi: sita waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi, mmoja aliyeteuliwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mwalimu mmoja aliyechaguliwa na walimu wenzake, watatu kutoka kwa mfadhili wa shule, mmoja wa makundi maalum katika jamii, na mmoja wa watu wenye mahitaji maalum. Wanafunzi nao wana mwakilishi wao. Juu ya hao bodi inaweza kualika watu wasiozidi watatu wenye ujuzi inaouhitaji, lakini hao hawapigi kura. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Kipindi ni miaka 3, na hakuna mshahara.

Mfadhili anayetajwa hapo si mtu wa kutoa pesa tu. Shule nyingi zilianzishwa na makanisa, nyingine na jumuiya za Kiislamu, na viti vile vitatu ni vyao. Ikiwa wewe ni mzee wa kanisa linalofadhili shule, au unaheshimika msikitini, huenda njia yako fupi ni hiyo, si mkutano wa wazazi. Vivyo hivyo kwa mzazi mwenye ulemavu au anayemlea mtoto mwenye mahitaji maalum. Kuna kiti kilichoandikwa kwa ajili ya kundi lako, na mara nyingi hujazwa na yeyote aliye karibu kwa sababu hakuna aliyekiulizia. Kiulizie.

Ushauri wangu kwa mzazi asiyejulikana: anza na uwakilishi wa darasa. Ni uchaguzi mdogo, wa wazazi arobaini au hamsini unaowafahamu kwa majina ya watoto wao. Utaitwa kwenye vikao na utaonja kazi, na mwaka ukiisha wazazi watakuwa na jambo la kukukumbukia. Wanaoruka moja kwa moja hadi viti vile sita hupita mara chache, na wakipita hukaa mwaka mzima wakiuliza GPA, akaunti ya matumizi ya jumla ya shule, ni nini.

Bodi haiwezi yote, kwa hiyo usiahidi yote

Nimewasikia wagombea wakiahidi kumfukuza mwalimu fulani. Hawawezi. Kuajiri, kuhamisha na kuwaadhibu walimu ni kazi ya TSC, Tume ya Huduma za Walimu, kwa mujibu wa Katiba. Bodi inaweza kuomba walimu na kupeleka malalamiko. Inaweza pia kuajiri walimu wa muda kwa fedha zake, wale tunaowaita walimu wa BOM, pamoja na mpishi, bawabu na karani. Chekechea nayo, hata ikiwa ndani ya ua mmoja na shule, walimu wake ni wa serikali ya kaunti.

Usiahidi pia kwamba hakuna mzazi atakayetoa hata shilingi. Sheria inakataza karo ya masomo katika shule ya umma, lakini inaruhusu michango mingine ikiidhinishwa na Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, kwa masharti mawili yanayostahili kukaririwa: mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa sababu mzazi hajalipa, na mtu yeyote asipokee mchango bila kutoa risiti rasmi. Masomo ya likizo nayo yamepigwa marufuku na sheria hiyo hiyo, na viboko vilevile. Mgombea anayeyajua haya manne hazungumzi sana. Watu humtambua.

Muhula mmoja kabla: ijue shule yako

Tenga siku moja uende shuleni bila shida yoyote ya mtoto. Salimia bawabu, ingia ofisini, mwambie mwalimu mkuu ungependa kuzunguka uone mazingira. Akikataa umejifunza jambo, lakini wengi hawakatai.

Hesabu vyoo. Nasema hivi bila mzaha. Kiwango cha Wizara kinataka tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Shule yetu ilikuwa na wasichana zaidi ya mia tatu na matundu manane, mawili yakiwa yamefungwa kwa waya. Sikuhitaji hotuba nyingine mwaka ule. Niliwauliza wazazi wa kike tu, "Binti yako wa Gredi ya 6 akiwa kwenye siku zake, anaenda wapi?" na mazungumzo yakajiendesha yenyewe.

Kisha piga hesabu ya fedha, kwa kalamu, ukiwa nyumbani. Serikali imeweka shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Chukua shule yenye watoto 600: hizo ni shilingi 852,000. Hugawanywa kwa mihula mitatu kwa uwiano wa 50:30:20, yaani 426,000 muhula wa kwanza, 255,600 wa pili, na 170,400 wa tatu. Ikiwa shule ina Gredi ya 7 hadi 9, kiwango cha sekondari ya chini ni 15,042 kwa kila mwanafunzi, kwa hiyo wanafunzi 180 peke yao ni shilingi 2,707,560. Fedha za msingi huingia kwenye akaunti mbili: SIMBA ni ya vitabu na vifaa vya kufundishia, na GPA ni ya matumizi ya jumla kama mishahara ya wafanyakazi wasio walimu, maji, umeme na ukarabati.

Ukishaandika tarakimu hizo, usikimbie nazo mtaani ukisema pesa zimeliwa. Kiwango kilichotangazwa na kilichoingia benki ni vitu viwili, na kila mwalimu mkuu atakueleza jinsi fedha zinavyochelewa na kupungua njiani. Hesabu yako ni ya kukuwezesha kuuliza swali lenye kichwa na miguu: zilizoingia muhula huu ni ngapi, kwa watoto wangapi?

Hilo la "watoto wangapi" lina uzito wake. Fedha hufuata idadi ya watoto walioandikishwa kwenye mfumo wa kompyuta wa Wizara, na mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa mara nyingi hukwama kuandikishwa. Pwani hii tunao wengi. Mzazi anayegombea akisaidia familia kumi kupata vyeti ameiletea shule fedha halisi kabla hajachaguliwa, na familia hizo kumi zitakuja mkutanoni bila kubembelezwa.

Ulizia utaratibu kwa maandishi

Mkutano mkuu wa wazazi kwa kawaida hufanyika muhula wa kwanza. Tarehe hupangwa na ofisi, na tangazo linaweza kufika kupitia mtoto wa Gredi ya 2 aliyeitumia karatasi kutengeneza ndege. Usingoje. Mapema Januari peleka barua fupi, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Yangu ilikuwa hivi:

"Kwa Mwalimu Mkuu. Mimi ni mzazi wa watoto wawili, wa Gredi ya 3 na Gredi ya 6. Naomba kujulishwa tarehe ya mkutano mkuu wa wazazi wa mwaka huu, nafasi za PA na za BOM zitakazojazwa, jinsi wagombea watakavyopendekezwa, na jinsi kura itakavyopigwa. Nakusudia kugombea uwakilishi wa wazazi. Natanguliza shukrani."

Hakuna lawama ndani yake. Usipojibiwa, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la taarifa, na unaweza kuikumbusha hivyo kwa adabu. Mimi sikufika huko. Nilijibiwa kwa mdomo getini, nikayaandika majibu, nikamtumia mwalimu mkuu kwa ujumbe wa simu ili athibitishe. Alijibu "sawa". Neno hilo moja lilinifaa baadaye.

Uliza pia kuhusu karatasi. Nakala ya kitambulisho itatakiwa. Wengine huombwa vyeti vya masomo, kwa hiyo viweke tayari, lakini usijitoe kwa kuwa uliishia darasa la nane. Bodi yetu ilikuwa na mvuvi aliyemzidi kila mtu kwa hesabu za kichwani.

Kutafuta kura bila kuonekana unatafuta kura

Hapa ndipo wengi hupotea, wakidhani kundi la WhatsApp la darasa ndilo uwanja. Wazazi wanaoandika sana kwenye kundi siyo wanaokuja mkutanoni. Mkutano wa shule ya msingi ni wa akina mama, nyanya, na kinababa wachache waliokosa kibarua siku hiyo. Nyanya hasa. Wanalea wajukuu ambao wazazi wao wako Mombasa, Nairobi au Ghuba, na wengi wao hudhani hawana haki ya kupiga kura kwa sababu "mimi si mamake". Sheria inamtambua mlezi kuwa mzazi. Waeleze. Niliwapitia nyumbani mmoja mmoja, shikamoo kwanza, habari za mjukuu pili, jambo langu mwisho kabisa, na mara nyingine nilitoka bila kulisema kabisa kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mgonjwa.

Nenda darasa kwa darasa. Tafuta mzazi mmoja katika kila gredi ambaye wenzake humsikiliza. Kwa kawaida ndiye anayepigiwa simu mtoto akichelewa kurudi. Ukipata wanane wa namna hiyo una kampeni. Kutana nao wakati wa kuwachukua watoto, kisimani, baada ya sala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili, lakini usisimame ndani ya msikiti au kanisa kujinadi. Shule yenye mfadhili wa dini moja na watoto wa dini mbili huweza kupasuka kwa sentensi moja, nawe utakuwa umeurithi ufa huo.

Walimu hawapigi kura ya wazazi, ila neno lao linatembea. Usiwaendee kwa kunong'ona. Mwambie mwalimu wa darasa la mtoto wako waziwazi kwamba unagombea na kwa nini. Mwalimu mkuu vilevile. Atataka kujua kama unakuja kumchimba. Mwambie ukweli: unakuja kusoma vitabu vya hesabu na kusaidia kutafuta vyoo, kwa mpangilio huo.

Pesa? Mimi nilitumia nauli za tuktuk, nakala za barua, na chupa mbili za chai ya maziwa. Ukianza kugawa kanga na unga umewaambia wazazi kuna faida unayoitarajia huko ndani, nao si wajinga. Diwani au mbunge akijitolea "kukusaidia", mshukuru na umwombe asije. Madarasa ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa jimbo la mbunge, tunayataka. Bango lake kwenye mkutano wa wazazi hatulitaki.

Kuna hofu moja utakayoisikia kwa kila mzazi wa pili: "Nikikuunga mkono mtoto wangu ataonewa." Usiicheke. Usimlazimishe mtu kusimama hadharani. Wenye hofu waombe jambo dogo tu, waje, wakae, na ikiombwa kura ya siri wainue mkono kuikubali.

Maneno ya dakika mbili

Utapewa dakika mbili, labda moja. Yangu yalikuwa haya, nusu kwa Kiswahili na salamu kwa Kigiriama:

"Mimi ni mama wa watoto wawili hapa, ni fundi cherehani, wengi mnanijua. Nimekuwa mwakilishi wa Gredi ya 5 mwaka uliopita. Tumepata vyeti vya kuzaliwa vya watoto kumi na mmoja. Nikiingia bodini nitafanya mambo mawili. La kwanza, vyoo vya wasichana. Tuna manane, tunahitaji angalau kumi na mbili. La pili, kila muhula nitawasomea hapa fedha zilizoingia na zilizotoka, kwa Kiswahili. Nikishindwa kufanya hivyo, kipindi changu kikiisha msinichague tena."

Mambo mawili, na angalau moja linalohesabika. Mpinzani wangu alitaja tisa, na sidhani kuna aliyeweza kurudia hata matatu.

Siku ya mkutano

Fika saa moja kabla. Tangazo likisema saa tatu, mkutano utaanza saa tano, lakini karatasi ya mahudhurio huanza kuzunguka mapema na ndiyo itakayoamua nani ni mpiga kura. Hakikisha watu wako wameandika majina. Asiyejua kuandika asaidiwe na atie alama yake mwenyewe.

Uwe na wapendekezaji wawili na waungaji mkono watatu, sio mmoja mmoja. Yule wa ndoo ya samaki alinifunza. Waketi mahali tofauti, mmoja mbele, mmoja katikati, mmoja karibu na mlango, wasionekane kundi. Mpendekezaji bora ni mzazi ambaye si jamaa yako wala wa mtaa wako.

Kabla ya majina kutajwa, simama uulize swali moja: "Samahani mwenyekiti, kura itapigwa vipi?" Kama jibu ni makofi au sauti, omba kura ya siri, na mwenzako aunge mkono papo hapo. Karatasi ndogo na katoni moja zinatosha. Mimi nilikwenda na vipande mia tatu mkobani na mkasi wa kazi yangu. Wakikataa, angalau mikono ihesabiwe na watu wawili na idadi iandikwe. Wakipendekeza wazazi wapange foleni nyuma ya mgombea, pinga kwa upole. Wazee watakuelewa haraka, kwa sababu hawajausahau uchaguzi wa mlolongo wa 1988, wapiga kura walipopanga foleni nyuma ya wagombea na foleni fupi zikashinda zile ndefu. Na nyanya mwenye hofu hawezi kusimama nyuma yako mbele ya macho ya watu wote.

Kumbuka pia kanuni ya Katiba kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili. Ikiwa wanaume wanne wameshapita kati ya sita, viti vilivyobaki vina sura yake. Mtu alikumbushe hilo, na isiwe wewe.

Matokeo yakitangazwa, mtu wako aandike majina na idadi ya kura, apige picha ya ubao kama yameandikwa huko. Kisha washukuru walioshindwa kwa majina. Mnakwenda kukutana kwenye kisima kile kile.

Makofi si barua

Hapa nilitaka kukwama. Kuchaguliwa na wazazi hakukufanyi mjumbe wa bodi, kwa sababu anayeteua ni Bodi ya Elimu ya Kaunti. Majina hupelekwa pamoja na kumbukumbu za mkutano kupitia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na barua za uteuzi hutoka huko. Katikati ya getini kwetu na ofisi hiyo, jina linaweza kulala miezi, au likabadilika.

Wiki ile ile omba kuona kumbukumbu zilizotiwa sahihi, uhakikishe jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho. Uliza zimepelekwa lini. Baada ya wiki tatu nenda mwenyewe ofisi ya kaunti ndogo, asubuhi, na nakala yako. Niliambiwa jina langu "halionekani". Nikatoa picha ya ubao na ule ujumbe wa "sawa". Afisa alicheka, akafungua droo nyingine.

Jina likiwa limebadilishwa kweli, andika malalamiko kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, nakala kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, ukiwa na sahihi za wazazi waliokuwepo. Wasipokusikiliza, Sheria ya 2013 imeunda mahakama ya rufaa za elimu. Lakini pima. Kwa kiti cha mwakilishi wa darasa, sitakushauri kufika huko. Kusanya nguvu za mwakani. Kwa orodha nzima ya sita iliyobadilishwa kimyakimya, pigana.

Muhula wa kwanza mezani

Katika kikao cha kwanza wajumbe huchagua mwenyekiti na kamati hugawanywa: fedha na ununuzi, viwango vya masomo na mazingira, nidhamu na maadili, ukaguzi, haki na maslahi ya wanafunzi. Wageni husukumwa kwenye mazingira, wapande miti. Omba fedha au ukaguzi. Usipopewa, mjumbe yeyote bado ana haki ya kuuliza mezani.

Omba vitu hivi, kimoja kila kikao, siyo vyote siku moja kama polisi: taarifa ya benki ya kila akaunti, daftari la risiti, hati za malipo, orodha ya wafanyakazi na mishahara yao. Linganisha. Risiti za mchango wa chakula zikionyesha watoto 200 na mpishi anapika kwa ajili ya 400, kuna swali. Linaweza kuwa na jibu zuri, yaani watoto maskini wanalishwa bure, na hapo utasaidia kulificha lisiwaaibishe. Linaweza kuwa na jibu baya. Uliza "naomba nieleweshwe" na usubiri. Ukimya baada ya swali ni wa yule anayejibu, usiujaze wewe.

Ukipinga jambo, sema liandikwe kwenye kumbukumbu kwamba umepinga, na kikao kijacho soma kama limeandikwa kabla ya kukubali kumbukumbu hizo. Ukiona karatasi ya mahudhurio inatangulia karatasi ya ajenda, tia sahihi ya mahudhurio tu. Sahihi yako ikitumika kuidhinisha matumizi ambayo hukuyasikia, utaulizwa wewe wakaguzi wakija.

Nami nilikuwa na langu la kusema. Mimi ni fundi, na nilikuwa nawashonea wazazi sare za shule ile ile. Katika kikao cha pili likaja suala la sare mpya na nani azishone. Nilitangaza kwamba nina maslahi, nikatoka nje, nikaketi chini ya mwarobaini hadi walipomaliza. Kazi ilikwenda kwa fundi mwingine, na mwaka ule niliukosa mkate mzuri. Fikiria jambo hili kabla ya kugombea, siyo baada yake: kama unauzia shule maharagwe, kuni, mchanga au usafiri, chagua kiti au biashara.

Kesi za nidhamu ya watoto ni siri. Utasikia mambo ya nyumba za watu, na mengine ni ya kesi za jinai yanayotakiwa kufika polisi na kwa afisa wa watoto, siyo kumalizwa mezani kwa wazazi kuombana radhi. Ukiona bodi inataka kuyamaliza hivyo, hapo usinyamaze hata kama ni kikao chako cha kwanza.

Ile ahadi ya kusoma hesabu kila muhula niliitimiza kwa kadibodi. Niliandika kwa kalamu ya wino mzito: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na watoto wangapi. Mwalimu mkuu aliikagua tarakimu kwa tarakimu, akasahihisha sehemu moja niliyokosea, akatia sahihi pembeni. Tuliitundika ukutani karibu na geti, chini ya paa isije ikanyeshewa. Wiki ya kwanza hakuna aliyeisoma. Wiki ya pili nilimkuta nyanya mmoja amesimama mbele yake na mjukuu wa Gredi ya 4, mtoto akisoma kwa sauti, nyanya akihesabu kwa vidole. Alipofika kwenye mstari wa kuni alinigeukia na kuniuliza tunanunua kwa nani, maana bei ile yeye hajawahi kuiona mtaa huu.

Sikuwa na jibu. Niliandika swali lake kwenye daftari langu, tarehe na yote, likawa ajenda ya tatu ya kikao kilichofuata.